Ukikutwa na simu ya wizi na wewe ni mwanafunzi

Boom, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi wa chuo, ikishatoka, wiki mbili tatu baadaye simu yangu huanza kuita usiku. Anayepiga huwa ni mwanafunzi, anaongea kwa sauti ya chini: "Samahani dada, wewe ndiye wakili? Mwenzetu amechukuliwa na polisi. Wanasema simu aliyonunua ni ya wizi."

Mimi ni wakili wa kujitegemea, ofisi yangu iko Sinza, Dar es Salaam, na vyuo vimenizunguka pande zote. Kazi inayolipa kodi ya ofisi ni mirathi na mikataba ya viwanja. Kesi za wanafunzi wanaoshtakiwa kupokea mali ya wizi hazilipi kitu cha maana, lakini ndizo ninazorudi nazo nyumbani kichwani. Naziandikia leo kwa kirefu kwa sababu nyingi zinaharibikia kituoni, au siku ya kwanza mahakamani, kabla wakili hajaonekana. Na mara nyingi kinachoziharibu ni maneno ya mwanafunzi mwenyewe ambaye hakuwa na kosa.

Anayesoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo anahesabiwa shilingi 10,000 kwa siku kwa ajili ya chakula na malazi, na fedha hiyo haiji siku kwa siku, inakuja kwa mkupuo. Kijana aliyekuwa akila kwa deni wiki nzima anajikuta ana laki kadhaa kwenye akaunti. Wauzaji wa vitu vilivyotumika wanaifahamu tarehe hiyo kuliko wazazi. Matangazo yanajaa kwenye makundi ya WhatsApp ya darasa, ya hosteli, ya watu wa mkoa mmoja: simu safi, haina mkwaruzo, mwenyewe anasafiri, bei inazungumzika. Wengi wa wauzaji hao ni wanafunzi wenzao wanaouza vitu vyao halali kabisa. Nalisisitiza hilo kwa sababu upande wa mashtaka hupenda kuonyesha kwamba kununua simu kwa mtu badala ya dukani tayari ni dalili ya nia mbaya. Kwa mwanafunzi, kununua kwa mtu ndiyo njia ya kawaida. Simu mpya ya dukani ni ya mwenye mshahara.

Kosa lenyewe liko kwenye Sheria ya Kanuni za Adhabu, Sura ya 16. Kwa namba tulizozizoea miaka mingi ni kifungu cha 311. Toleo jipya la urekebu wa sheria lilianza kutumika Julai 2025, kwa hiyo hakikisha namba kwenye toleo lililo mbele yako. Adhabu inaweza kufika miaka 10 jela. Mwanafunzi akisikia hiyo miaka 10 akili inaganda, na mtu aliyeganda akili husaini chochote anachowekewa mezani. Ndiyo maana nataka ausome mstari wenyewe kabla hajaiogopa adhabu. Sheria inamtia hatiani anayepokea au kukaa na mali *akijua au akiwa na sababu ya kuamini* kwamba imeibwa. Hayo maneno ndiyo kesi nzima. Kwamba simu iliibwa, kwa kawaida ni kweli. Kwamba ilikutwa kwako, ni kweli pia, ulilala nayo chini ya mto. Kilichobaki, na ambacho Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, inatakiwa kukithibitisha bila kuacha shaka ya maana, ni kilichokuwa kichwani mwako siku ile ulipotoa hela. Hati ya mashtaka ikikosa hata kuyataja maneno hayo, wakili wako ana pingamizi la kuweka asubuhi hiyo hiyo.

Kilichokuwa kichwani mwa mtu hakuna shahidi aliyekiona. Mahakama inakitafuta kwenye mwenendo. Na hapa kuna jambo ambalo naona mawakili wenzangu wanalipita haraka mno.

Mwizi akishapora simu, anatoa laini na kuitupa. Simu inapita mikono miwili mitatu ikiwa haina laini. Anayekuja kuiwasha na kuweka laini yake halisi, ile iliyosajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, ni mnunuzi wa mwisho. Tangu usajili huo ulipokamilishwa mwaka 2020, mtandao ukisoma IMEI, zile tarakimu 15 unazoziona ukipiga *#06#, unazisoma pamoja na laini iliyomo, na laini ina jina. Mpelelezi akiandika barua kampuni ya simu, jina linalorudi ni la mwanafunzi. Ndiyo maana wanaokamatwa ni wao. Mporaji hana jina kwenye orodha ile, dalali wake hana jina, ila binti wa mwaka wa pili anayesomea ualimu jina lake liko pale, kamili, pamoja na la babu.

Mimi jambo hilo hilo lililomkamatisha ndilo ninaloanzia utetezi. Mheshimiwa hakimu, mtu anayejua kwamba amekaa na mali ya wizi haweki ndani yake laini iliyofungwa kwenye kidole chake. Haitumii kupokea boom. Hatumi picha ya profaili na jina lake na chuo chake. Peke yake hoja hiyo haimalizi kesi, kwa sababu hakimu anaweza kusema hata wahalifu hufanya mambo ya kipuuzi. Lakini ina uzito, na inatakiwa iingie kwenye kumbukumbu mapema, wakati wa kumhoji mpelelezi: ulimpataje mshtakiwa? Kwa laini. Laini ilikuwa ya nani? Yake. Alikuwa ameitumia muda gani kwenye simu hiyo? Mpelelezi akijibu "miezi minne mfululizo", umepata kitu.

Kuna hatari nyingine kubwa kuliko ya miaka 10, na wanafunzi hawaijui kabisa. Kuna kanuni mahakamani kwamba ukikutwa na mali iliyoibwa hivi karibuni na huna maelezo, mahakama inaweza kukuchukulia kuwa wewe ndiye mwizi. Siyo mpokeaji tena, ni mwizi. Na kama simu ile iliporwa kwa panga, basi wewe ni mnyang'anyi. Unyang'anyi wa kutumia silaha nchini kwetu una kifungo kisichopungua miaka 30, na ni miongoni mwa makosa yasiyo na dhamana. Nimewahi kumtembelea gerezani kijana wa chuo aliyeshtakiwa hivyo kwa simu aliyoinunua kwenye kibanda. Kila kesi ilipotajwa, jibu lilikuwa upelelezi haujakamilika. Wenzake walifanya mitihani ya UE, ile ya mwisho wa muhula, wakafunga chuo, wakafungua. Mwishowe upande wa mashtaka uliliondoa shtaka, akatoka. Alikuwa hajapatikana na hatia yoyote, na mwaka ulikuwa umekwisha.

Kanuni hiyo ina masharti, na Mahakama ya Rufani imeyaweka wazi. Katika rufaa ya Joseph Mkumbwa na Samson Mwakagenda dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 94 ya 2007, ilieleza kwamba lazima ithibitike mali ilikutwa kwa mtuhumiwa; ithibitike pasipo utata kuwa ni ya mlalamikaji; kwamba iliibwa hivi karibuni; na kwamba mali hiyo ndiyo iliyotajwa kwenye shtaka. Ninapokabidhiwa jalada naangalia kwanza hilo la "hivi karibuni". Mashine ya kusaga haihami kirahisi; ukikutwa nayo mwezi mmoja baada ya wizi, una maswali ya kujibu. Simu inaweza kuporwa Mbagala asubuhi, mchana ikawa Kariakoo, jioni ikawa Ubungo mkononi mwa mtu wa tatu. Kwa kitu cha namna hiyo, miezi minne si jana. Kisha naangalia mlalamikaji aliitambuaje. "Simu nyeusi ya Samsung" haimtambulishi mtu. Anatakiwa aseme alama kabla hajaonyeshwa, alete boksi lenye IMEI, au risiti.

Na juu ya yote, kanuni ile huishiwa nguvu pale mtuhumiwa anapotoa maelezo yanayoingia akilini. Hatakiwi kuyathibitisha kama yeye ndiye Jamhuri. Inatosha yawe maelezo ambayo yanaweza kuwa kweli. Lakini yawe ni yale yale tangu siku ya kwanza. Anayeanza na "nilipewa na kaka", akaja "niliokota", akafika kizimbani na "nilinunua", hata kama la mwisho ndilo la kweli, nani atamwamini?

Kwa hiyo nifike kituoni.

Mwanafunzi anapokamatwa, polisi wanatakiwa wamweleze kosa, na kabla ya kumhoji wamwambie kwamba ana haki ya kuwasiliana na wakili, ndugu au rafiki. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka muda wa kumhoji: saa nne za msingi tangu kukamatwa, na kuongeza kunahitaji utaratibu. Kwa kosa kama hili, ndani ya saa 24 awe amepewa dhamana ya polisi au amefikishwa mahakamani. Dhamana haiuzwi. Ukiambiwa utoe "hela ya fomu", hiyo hela haipo kwenye sheria yoyote.

Najua pia kwamba usiku, kwenye benchi la kaunta, haki hizo zinaonekana ziko mbali sana. Kwa hiyo nawaambia vijana kitu kimoja ambacho mtu mwenye hofu anaweza kukifanya: usisaini usichokisoma. Maelezo ya onyo, yaani yale unayoyatoa ukihojiwa polisi, huandikwa na askari, kwa mwandiko wake na kwa maneno yake. Kijana anasema, "Niliona bei nzuri, nikashangaa kidogo, nikanunua." Karatasini panaandikwa, "Nilishangaa bei kuwa ndogo nikahisi ni ya wizi lakini nikanunua." Ni maneno machache yameongezwa, na kwa maneno hayo kifungu kimetimia. Soma mstari kwa mstari. Palipokosewa sema parekebishwe na usaini kando ya marekebisho. Pakikataliwa, usisaini. Una haki ya kusema utatoa maelezo yako mbele ya wakili au mahakamani, na kukaa kimya si kukiri.

Ukishasaini kwa kulazimishwa au bila kuelewa, bado kuna mlango, ila unafunguka mara moja. Siku askari anapotaka kuyatoa maelezo yale yawe kielelezo, hakimu huuliza kama kuna pingamizi. Hapo ndipo pa kusema. Ukinyamaza, ukaja kulalamika kwenye utetezi kwamba ulipigwa, umechelewa. Mahakama ya Rufani ililisema hilo katika shauri la Shihoze Semi na mwenzake, liko kwenye taarifa za mashauri za 1992, na mpaka leo linasomwa dhidi ya washtakiwa wasio na mawakili. Mwanafunzi aliyesimama peke yake kizimbani hajui kwamba swali lile dogo la "una pingamizi?" ndilo lango lenyewe.

Hati ya kukamata mali nayo ni hivyo hivyo. Wakija hosteli kupekua, awepo msimamizi wa hosteli, au mjumbe kama umepanga mtaani, na kilichoandikwa kiwe ni kile kilichochukuliwa: aina ya simu, IMEI zote mbili kama ni ya laini mbili, mahali, tarehe. Andika mwenyewe, popote utakapopata karatasi, jina la askari aliyekuchukua na kituo.

Kisha inakuja siku ya kusomewa mashtaka.

Nina kesi moja nataka kuieleza kwa karibu, na nimebadilisha mambo kadhaa ili mwenyewe asitambulike. Kijana wa mwaka wa pili, masomo ya ualimu wa sayansi, mtoto wa mkulima wa Kasulu. Alifikishwa mahakamani asubuhi, mimi nilikuwa sijajua hata jina lake. Karani akasoma shtaka, hakimu akamuuliza, ni kweli au si kweli? Akajibu kama alivyolelewa kumjibu mkubwa: "Ni kweli mheshimiwa, nilinunua."

Kila wiki, katika mahakama zetu za chini, mtu anatiwa hatiani kwa jibu la namna hiyo. Amekiri kununua, ambako si kosa, na imeandikwa amekiri kosa. Sheria inataka kukiri kuwe kamili, kusiwe na utata, na mshtakiwa akubali kila kiini cha kosa, pamoja na kujua. Shauri la Laurent Mpinga la mwaka 1983 ndilo tunalolikimbilia kwenye rufaa, linaeleza ni wakati gani aliyekiri anaweza kupinga hatia yake: kukiri kukiwa na utata, au kukiwa kwa makosa, au shtaka lenyewe likiwa halina kosa, au maelezo yaliyosomwa yakiwa hayawezi kuzaa hatia. Lakini rufaa ni miezi, na mtu anaingojea akiwa gerezani.

Kijana wetu alikutana na hakimu makini. Baada ya jibu lile alimuuliza swali la pili: "Ulijua kuwa imeibwa?" Kijana akasema, "Hapana mheshimiwa, Mungu ni shahidi, ningejua nisingenunua." Hakimu akaandika kwamba mshtakiwa amekana. Swali moja. Nimesoma mwenendo wa kesi ile mara nyingi na kila nikifika pale namshukuru yule hakimu, kwa sababu mimi ningekuja kukuta mfungwa.

Ukisimama kizimbani huna wakili, jibu ni hili, na ulikariri: "Si kweli. Nilinunua, sikujua kama ni ya wizi." Anza na "si kweli". Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kwa sheria, kwa hiyo usione haya kuomba shtaka lirudiwe kwa Kiswahili kinachoeleweka.

Dhamana ilikuwa wazi kwa kosa lake, wadhamini wawili wenye barua za serikali ya mtaa na vitambulisho. Na hapo akakwama, kwa sababu mtoto wa Kasulu anayesoma Dar hana mtu mwenye barua ya mtaa. Wenzake wanaishi hosteli, hawana mwenyekiti wa mtaa anayewafahamu. Alikwenda mahabusu kwa kukosa karatasi mbili. Baba yake alipanda basi. Aliponifikia ofisini nilimwamkia, akaitika, "Marahaba mwanangu," kisha akakaa muda mrefu ameshika bahasha yenye vyeti vya mtoto, kuanzia cha darasa la saba, ananionyesha kimoja kimoja. Alidhani ndiyo ushahidi. Wadhamini tuliwapata kanisani kwao, watu wa Kigoma wanaosali pamoja Kimara, ambao walikuwa hawajawahi kumwona kijana huyo.

Ushahidi wetu ulikuwa ndani ya simu, na simu ilikuwa kielelezo cha polisi. Hili ndilo fumbo la kesi hizi: mazungumzo yote ya ununuzi yamefungiwa kwenye stoo ya kituo. Nikamwita mwenzake wa chumbani. Alikaa kwenye kiti cha plastiki akapandisha kundi la WhatsApp la hosteli, akarudi nyuma wiki baada ya wiki, kidole kinateleza tu, mpaka akafika. Tangazo lilikuwepo. Picha ya simu imelazwa juu ya shuka lenye maua ya bluu. Bei laki mbili na ishirini. Chini yake watu watatu wameuliza bei ya mwisho, mmoja kauliza kama betri inakaa na chaji, na kijana wetu ameandika mbele ya kundi zima: "Nina laki na themanini, boom imetoka leo." Muuzaji kajibu, "Njoo getini."

Sikuhitaji hotuba ndefu baada ya hapo. Anayepokea mali akijua ni ya wizi haombi bei mbele ya watu wote wa hosteli. Tulichapisha ukurasa ule, mwenzake wa chumbani akala kiapo kueleza simu ni yake, kundi ni lipi na amechapishaje, kwa sababu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inataka mahakama iridhike na uhalisi wa ushahidi wa aina hiyo; picha ya skrini isiyo na mwenyewe ni karatasi tu. Tukaomba taarifa ya miamala ya fedha kwa simu: 180,000 zimetoka jioni ile ile, dakika chache baada ya "njoo getini".

Mlalamikaji alikuwa muuguzi. Aliporwa mkoba alfajiri akitoka zamu ya usiku, amesimama kituo cha daladala. Alileta boksi, IMEI ikalingana, akaeleza ufa ulioko kwenye pembe ya kioo. Ndugu za kijana walitaka nimbane, nimwonyeshe kuwa anadanganya. Nilikataa. Dada yule alikuwa anasema kweli, na simu ilikuwa yake. Nilimuuliza jambo moja: waliompora aliwaona? Akasema aliwaona wawili. Huyu yupo kati yao? Akamtazama, akasema, "Hapana, huyu simfahamu." Nikakaa chini. Wakili anayebishana na ukweli ulio wazi anaipoteza imani ya hakimu atakayoihitaji kwenye jambo lenye shaka kweli.

Lililokuwa na shaka ni bei. Mpelelezi alisema simu hiyo dukani ni zaidi ya laki nne, kwa hiyo laki na themanini ilitosha kumshtua mtu yeyote. Nikamuuliza kama alitafuta bei ya iliyotumika, yenye ufa kwenye kioo. Hakuitafuta. Sisi tuliitafuta: tulimleta fundi wa mtaa wa Aggrey, Kariakoo, anayenunua na kuuza simu hizo kila siku, akasema kwa hali ile angeinunua kwa chini ya hapo. Bei ndogo ni dalili, siyo ushahidi kamili, na bei huwa ndogo ukilinganisha na kitu gani? Watu wa mashtaka hulinganisha na dukani kwa sababu ndiko wanakopata risiti.

Hakimu alimwona kijana ana kesi ya kujibu, akajitetea, mwenzake akatoa ushahidi, fundi akatoa ushahidi. Aliachiwa huru. Simu ikarudishwa kwa muuguzi, inavyostahili. Namba ya muuzaji ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha mzee mmoja wa mkoa mwingine kabisa ambaye hakuwa na habari, na mtu wa getini hajapatikana.

Katikati ya kesi ile alikuja rafiki yake mwingine na pendekezo: ana mtu anayetengeneza risiti, turudishe tarehe nyuma, mambo yaishe. Nawaomba vijana, kwa upendo wote, msifanye hivyo. Risiti ya EFD, ile mashine ya kodi ya dukani, ina namba ya uhakiki, na TRA wanaihakiki papo hapo. Mtu aliyekuwa na maelezo ya kweli anageuka kuwa mghushi, na kesi ya pili ni nzito kuliko ya kwanza, maana hiyo kweli ameitenda. Kufuta mazungumzo ni vile vile. Kijana anaogopa, anafuta kundi zima, na pamoja nalo anafuta neno "boom imetoka leo". Na ukiambiwa umlipe mwenye simu mmalizane, kumrudishia mali yake ni haki yake, mrudishie kupitia polisi kwa maandishi. Usiandike karatasi inayosema "nakiri nilinunua simu ya wizi". Karatasi hiyo itasomwa mahakamani na hakuna atakayekumbuka kwamba mlikuwa mnapatana.

Kabla ya kununua, piga *#06#, tuma IMEI kwenda 15090, uone kama jibu linataja aina ile ile ya simu uliyoishika. Jibu hilo linakuonyesha kama simu ni halisi, halikusafishii wizi. Dai boksi. Lipa kwa simu, siyo taslimu, ili jina la aliyepokea libaki. Piga picha kitambulisho cha muuzaji. Anayekataa, muache na simu yake. Laptopu na pikipiki ni hivyo hivyo, na pikipiki ina kadi, kwa hiyo usiponunua na kadi umejitafutia mwenyewe ile "sababu ya kuamini".

Asiye na uwezo wa wakili asikae kimya kwa aibu. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inamruhusu hakimu kuelekeza mshtakiwa apatiwe msaada pale haki inapohitaji, kwa hiyo muombe, simama useme huna wakili na huna uwezo. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kipo tangu 1995 na kinapokea watu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina watu wa msaada wa kisheria hapo hapo kwenye Shule Kuu ya Sheria, na wanafunzi wanapita mlangoni kila siku bila kujua.

Nimalizie na ofisi za washauri wa wanafunzi, kwa sababu barua zangu nyingi huenda huko. Mwanafunzi akiwa mahabusu, chuo kinamwona mtoro. Anakosa mtihani wa katikati, anakosa UE, jina linatolewa chumbani. Barua moja kutoka kwenu inayosema huyu ni mwanafunzi wetu halali na anaishi bweni fulani inaweza kumsaidia hakimu kuona kwamba hatakimbia. Barua nyingine kwa idara inamwezesha kufanya mitihani maalumu badala ya kurudia mwaka. Na wakati wa kupokea mwaka wa kwanza, mkimaliza kuwaeleza kuhusu maktaba na bima ya afya, nipeni nusu saa. Nitakuja bure, na hati ya mashtaka ya mfano, tuwasomeshe kujibu.